Shibiri Moja na Vidole Vinne

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Mkuyuni katika masika ya mwaka 1984, siku chache baada ya msiba wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili karibu na Dakawa, katika mkoa wetu huu huu wa Morogoro. Na kwa kuwa redio ya jirani ilikuwa bado ikitoa nyimbo za maombolezo, na mvua haijakata tangu alfajiri, na mto umefura hata njia ya kwenda mjini ikawa haipitiki, kilio cha kwanza cha mtoto yule kilinifikia barazani kama salamu itokayo ulimwengu mwingine, ambako hakuna ajuaye msiba wala njia iliyokatika.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Dukani hapakuwa na sabuni, wala mafuta ya taa ya kutosha, sembuse kitu cha kuchezea mtoto mchanga. Nami, niliyekuwa mwalimu kijana mwenye kusoma kila karatasi iliyonipitia mikononi, nilihuzunika kwa kuamini kwamba mwanangu ameanza maisha kwa upungufu, maana nilipata kuona katika gazeti moja la kigeni picha ya kitanda cha mtoto kilichotundikiwa ndege na samaki wa rangi mbalimbali, na picha ile ilinikaa moyoni kama deni. Sikujua kwamba vyote alivyovihitaji vilikuwa vimo ndani ya chumba kile kimoja cha udongo, wala kwamba mwenye ilimu ya kuvitumia alikuwa mama mkwe wangu, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na Mkuyuni nilipelekwa kufundisha. Atokaye Morogoro mjini kwa njia ya Bigwa, akaizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, huuacha ukavu nyuma yake na kuingia katika nchi ya migomba, michungwa, minanasi na minazi, ambako pilipili manga hupanda juu ya miti mingine kama mgeni aliyezoea wenyeji, na harufu ya karafuu iliyoanikwa humfuata mpita njia hata akatoka nje ya kijiji. Mbele zaidi iko Matombo, ambayo kwa Kiluguru maana yake ni maziwa, yaani maziwa ya kifua cha mwanamke, kwa ajili ya umbo la mawe yake. Nami nalitaja jina hilo kwa sababu habari yangu yote inaanzia kwenye ziwa la mama. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake, hivyo mimi, mtu wa pwani, nilikuwa kama mlezi aliyekaribishwa kwa hisani katika ukoo wa mwanangu mwenyewe. Sikulionea uchungu jambo hilo. Kinyume chake, lilinifundisha kuketi na kusikiliza.

Heshima ya ukwe haikuniruhusu kuingia chumbani wakati mama mkwe yumo, wala yeye hakunitazama usoni tulipozungumza. Yeye alikaa ndani ya mlango, mimi nikakaa barazani, na pazia la kanga likawa baina yetu. Na kwa muda wa siku zote zile kabla kitovu hakijaanguka na baada yake, mafunzo yangu ya malezi niliyapokea kwa sauti isiyokuwa na uso. Siku moja, nikiwa nimekwisha kumwona mtoto akikodoa macho darini pasipokuwa na kitu, nilimwuliza lile lililokuwa likinisumbua, maana nilikua nikiamini kwamba mtoto mchanga ni kipofu kwa majuma kadhaa, mfano wa kitoto cha paka.

"Mama, hivi mtoto huyu anaona?"

"Anaona, Mwalimu. Ila haoni mbali. Anaona mpaka hapo alipo mama yake."

Jawabu hilo nilidhani ni maneno ya mapenzi tu, ya namna wanayosema wazee wanapotaka kumpamba mama. Lakini kwa kuwa ualimu haumwachi mtu hata akiwa nyumbani, siku ambayo mama mkwe alishuka mtoni nami nikapata ruhusa ya kukaa na mke wangu, niliunyoosha mkono wangu baina ya jicho la mtoto anyonyaye na uso wa mama yake, nikapima kwa kipimo cha wazee wetu wa pwani: shibiri moja na vidole vinne. Hizo ni kadiri ya sentimita 30. Miaka mingi baadaye, nilipopata vitabu vya wataalamu wa macho, nilikuta imeandikwa kwamba mtoto mchanga huona vyema zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, na kwamba kilicho mbali zaidi ya hapo humfikia kama mlima umfikiavyo mtu katika ukungu wa asubuhi, umbo lipo lakini mipaka yake imeyeyuka. Nikakumbuka sauti ile nyuma ya pazia. Mwenyezi Mungu amempa kiumbe huyu macho yanayofika pale pale panapomtosha, kwenye uso wa amlishaye, wala hakumpa zaidi mpaka atakapokuwa na haja ya zaidi.

Basi mchezo wa kwanza ulikuwa uso. Mama mkwe alikuwa na neno lake, ambalo sikupata kulisikia kwa mtu mwingine, nalo alimwambia kila aliyeomba kumpakata mtoto: "Mpe uso kwanza." Hakuruhusu mtu kumpokea mtoto huku akizungumza na mwingine, au akimgeuzia kifua tu kama mzigo. Ulipaswa kumleta mbele yako, uinamishe kichwa mpaka ufike umbali ule wa shibiri, unyamaze kidogo, ungoje macho yake yanayotangatanga yakuone, ndipo ufumbue kinywa, uinue nyusi, utoe ulimi, useme naye utakalo. Nilifanya hivyo nikiwa nimejilaza chali mkekani, mtoto kifudifudi kifuani pangu, naye akijitahidi kukiinua kile kichwa kizito ili anitazame. Na nadhani sijapata kutazamwa na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, kwa bidii ya namna ile. Tena alihimiza sana mtoto abadilishwe upande kila anaponyonya, na abebwe leo bega hili na kesho lile. Sababu yake yeye ilikuwa shingo isilale upande mmoja, nayo ni sababu njema. Lakini wenye ujuzi husema vilevile kwamba kwa kubadilishwa hivyo kila jicho hupata zamu yake ya mwanga na ya uso, kwa kuwa lile lililoelekea kifuani huwa limefunikwa nusu.

Mchezo wa pili uliletwa na mama yangu mzazi, bila yeye kujua kama ni mchezo. Aliposikia kwamba amepata mjukuu, alimpa dereva wa lori kifurushi aniletee, na ndani yake mlikuwa na kisutu, ile kanga ya kale ya arusi yenye rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo hakuna mwanamke wa pwani asiyeijua. Nia yake ilikuwa mke wangu ajitande siku ya kutoka nje. Mama mkwe aliitazama, akaikunjua, akaitundika ukutani kando ya kitanda, mahali palipopakwa chokaa. Na toka siku hiyo mtoto, ambaye dari na kuta zilikuwa zikimpita bila kumsimamisha, akawa akilazwa upande ule husita, macho yakakaza, pumzi ikatulia, akakitazama kisutu kama mtu asomaye barua. Nilistaajabu, maana niliona chumba kizima kina vitu vya kutazama. Lakini kwake vitu vile vyote vilikuwa vya rangi moja ya udongo na kivuli, ambapo kisutu kilikuwa na weusi unaokutana na weupe kwa mpaka mkali, na jicho changa hushika mpaka kabla ya kushika kitu chenyewe.

Mmarekani mmoja, Robert Fantz, ndiye aliyelithibitisha jambo hili kwa njia ya kitaalamu. Katika utafiti alioutangaza mwaka 1963 aliwalaza watoto wenye umri wa siku zisizozidi 5, akawaonyesha mmoja mmoja duara zilizo tupu, nyeupe, ya manjano na nyekundu, na duara nyingine zenye mchoro wa uso, maandishi ya gazeti na miviringo ndani ya miviringo, naye akachungulia kwa tundu aone macho yao yanakaa wapi zaidi. Yalikaa kwenye michoro, na zaidi kwenye uso. Kabla yake walikuwako mabingwa wengi waliosadiki kwamba mtoto mchanga haoni umbo lolote. Namheshimu Fantz kwa subira yake. Lakini nilipomsoma nilikuwa nimekwisha kuliona jambo lile kwenye ukuta wa chokaa Mkuyuni, nalo lilifanywa na mwanamke ambaye hakuwa na haja ya kulithibitisha kwa mtu.

Mwendo wa kitu ulikuja mwisho, na hapa nilikosea kwanza. Usiku mmoja nilichukua koroboi nikaizungusha mbele ya mtoto kwa haraka, nikitaraji aifuate, naye akafumba macho na kulia. Sauti ikaja kutoka ndani: "Polepole, Mwalimu. Macho yake bado yanatambaa." Nikaelezwa kwamba koroboi si kitu cha mtoto kwa moshi wake, na kwamba mchana wenye mwanga laini barazani ndio wakati wa kumchezesha. Nikachukua kipande cha ukili, chenye milala iliyotiwa rangi nyeusi na mingine iliyoachwa nyeupe, nikakizungusha kikawa kitanzi kikubwa ambacho hakiwezi kuingia kinywani, nikawa nakishika umbali wa shibiri, nangoja mpaka macho yote mawili yakipate, kisha nakisogeza taratibu kuelekea bega la kulia na kurudi kuelekea la kushoto. Wiki zile za mwanzo macho yalikifuata kwa kuruka, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe. Wakati mwingine jiwe likamponyoka, akakipoteza kitanzi, ikanibidi nirudi nilikokiacha nimngoje. Kufika mwezi wa tatu kuruka kule kulikwisha, na macho yakateleza na kitanzi kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia. Naye alipochoka aligeuza uso pembeni, au akapiga miayo na kukunja paji la uso. Hapo mchezo ulikuwa umekwisha, na aliyeuendeleza alikuwa akijichezea mwenyewe.

Miezi iliyofuata nitaipita kwa haraka, kwa kuwa kila mzazi aliyekaa na mwanawe ameiona. Katika juma la sita alicheka, si kule kucheka kwa usingizini, bali kwa kuniona. Mwezi wa tatu aliugundua mkono wake mwenyewe, akawa akiuinua mbele ya macho na kuugeuzageuza kwa mshangao wa mwenye kupata mali, na kwa siku kadhaa hatukuhitaji kitu kingine cha kumchezesha. Rangi nyekundu alikuwa akiishika tangu mapema. Buluu na manjano zilikuja kumpambanukia baadaye, karibu na mwezi wa nne, ndipo nikaanza kumbeba chini ya migomba, ambako jua hupenya majani na kumwaga mabaka ya kijani na dhahabu yanayotembea kwa upepo, naye akanyoosha mikono kuyakamata. Alipotimiza mwaka nilimchukua mpaka msitu wa Kimboza, nikamwonyesha kwenye jani la mkadi wa mwituni mjusi mdogo wa rangi ya buluu ing'aayo, ambaye duniani kote hapatikani ila katika msitu ule na misitu michache jirani yake. Alimwona kabla yangu.

Jambo moja lilitaka kuleta dhiki nyumbani, nalo ni wanja. Mama yangu alipopanda kuja kumtazama mjukuu baada ya arobaini, alileta kidau cha wanja wa manga amtie mtoto machoni, kama tulivyotiwa sisi sote, ili macho yawe makubwa na ya kupendeza na hasadi imwepuke. Mama mkwe, ambaye hakuwa na kawaida ya kumpinga mgeni, alimpakata mtoto akasema kwa upole kwamba mkunga wa zahanati amekwisha kutia dawa ya macho siku ile aliyozaliwa, na kwamba jicho lisiloumwa halitiwi kitu. Mama yangu alinyamaza. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye insafu, alikirejesha kidau kile ndani ya mkoba. Leo najua kwamba wanja wa namna ile huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto, na ya kwamba hata maziwa ya mama, pamoja na baraka zake zote, mahali pake ni kinywani, si machoni. Mtoto ambaye macho yake yanatoa usaha katika siku za mwanzo hana haja ya tiba ya jirani. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Ningependa kukomea hapo, kwa kuwa yote niliyoyasimulia ni ya furaha. Lakini mwishoni mwa mwaka 1987 mdogo wake mke wangu alijifungua binti, katika chumba kile kile, na habari ya binti huyu ndiyo iliyonifanya niishike kalamu.

Mama mkwe alifanya kama alivyofanya kwanza. Alikitundika kisutu, ambacho sasa kilikuwa kimechuja wekundu wake lakini weusi na weupe ulikuwa bado unapambana, akampa mtoto uso asubuhi na jioni, akambadilisha mabega. Mtoto alikuwa na afya, ananyonya, anaongezeka uzito kila alipopelekwa kliniki. Katika juma la nane, jioni moja nikisahihisha madaftari barazani, pazia lilitikisika na sauti ikaniita.

"Mwalimu, huyu hanifuati."

"Hakufuati vipi, mama?"

"Anageukia sauti. Nikinyamaza, uso wangu haujui."

Nililetewa mtoto barazani, nikampitishia kitanzi cha ukili mara mbili tatu. Macho yalikwenda yanakotaka. Nami, mwenye vitabu, niliyeheshimiwa na ukoo mzima kwa vitabu hivyo, nikajibu kwamba watoto hawakui kwa mwendo mmoja, kwamba wengine huchelewa, na kwamba tusimtie mzazi hofu bure. Mama mkwe hakubishana. Alisema, "Haya, Mwalimu," akamchukua mtoto. Na kwa kuwa nilikuwa nimenena, hakuna aliyenena tena.

Tulikaa hivyo mpaka mwezi wa sita. Asubuhi moja, jua likiwa bado liko chini na mwanga wake unaingia barazani kwa ubavu, nilimpokea shemeji yangu mtoto ili afunge mzigo wa kuni, nikaona ndani ya mboni zote mbili, mahali panapopaswa kuwa peusi kama kisima, weupe wa kijivu mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Ugonjwa huo lugha yetu inauita mtoto wa jicho, nami mpaka siku ile nilikuwa nikidhani kwamba ni maradhi ya wazee peke yao. Sikujua kwamba mtoto wa jicho huweza kuzaliwa pamoja na mtoto. Mjomba wa ukoo aliitwa, akasikiliza, hakuuliza maswali mengi. Aliuza karafuu zake kabla ya bei kupanda, akampa shemeji nauli, wakashuka juu ya lori la ndizi mpaka Morogoro, na kutoka huko wakaelekezwa hospitali kubwa Dar es Salaam. Kwenda na kurudi, kungoja kitanda na kungoja zamu, kulikula miezi mingine. Binti alipasuliwa macho yake akiwa na umri wa miezi kumi na moja, akarudishwa kwetu na miwani minene iliyofungwa kisogoni kwa utepe wa mpira.

Alianza kuona. Nakumbuka alivyogeuka kuufuata mwanga wa mlango, na mama yake akapiga kigelegele peke yake katikati ya ua. Lakini macho yake yalikuwa na mtikisiko mdogo usiokoma, kama maji ya mtungi uliowekwa chini sasa hivi, nao haukukoma mpaka leo. Na alipoanza shule ilibainika kwamba ubao hauoni hata akikaa dawati la mbele, na kwamba kitabu hukisoma kikiwa kimemkaribia uso.

Daktari aliyempasua alimweleza mama yake, naye akanieleza mimi, kwamba jicho ni dirisha tu, anayeona ni ubongo. Na ubongo hujifunza kuona katika majira maalumu, ambayo yakipita hayarudi kwa ukamilifu wake. Ibn al-Haytham wa Basra, katika Kitab al-Manazir, alikwisha kueleza katika karne ya kumi na moja kwamba nuru ndiyo ijayo machoni kutoka kwenye vitu, na kwamba kukitambua kilichoonekana ni kazi ya akili ikumbukayo na kulinganisha. Na David Hubel na Torsten Wiesel, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa vitoto vya paka kwamba jicho likifungwa katika miezi ya mwanzo na kufunguliwa baadaye, lenyewe likiwa zima halina dosari, ubongo huwa hautambui tena linachouletea. Kwa mtoto wa binadamu aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito, waganga hutaka upasuaji ufanyike katika wiki sita hadi kumi za mwanzo, na baada yake miwani na mazoezi.

Wiki sita hadi kumi. Mama mkwe alipotikisa pazia tulikuwa katika wiki ya nane.

Nimelibeba jambo hilo miaka yote, wala sitafuti mtu wa kulibeba pamoja nami. Kosa langu halikuwa kutojua maradhi, kwa kuwa hakuna ajuaye yote; lilikuwa kudharau ushahidi wa mtu aliyecheza na mtoto kila siku, nikauweka chini ya neno nililolisoma mahali. Yule mama hakuwa akimchezesha mtoto ili apitishe wakati. Katika kumpa uso na kungoja kujibiwa alikuwa pia akimpima, ingawa hakuwa na jina la kazi hiyo, na siku jibu lilipokosekana alijua kwamba limekosekana. Nilipokuja kusoma kwamba utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta watoto wenye maradhi hayo wakifikishwa hospitali baada ya kuchelewa kwa wastani unaokaribia miaka mitatu tangu wazazi wao walipoanza kuona kasoro, niliwaza ni mapazia mangapi yaliyotikisika, na ni wanaume wangapi, au majirani, au wenye vitabu, waliojibu kwamba tungoje kwanza.

Kwa hiyo tangu hapo, kila mzazi aliyekuja shuleni na mtoto mgongoni nilimwomba ruhusa nimtazame. Niliwaambia wanawake, na hasa wanaume, kwamba mtoto wa miezi mitatu ambaye hafuati uso, au ambaye mboni yake inaonyesha weupe hata mara moja, hata katika picha, asingojewe hata juma moja; kwamba macho yanayokwenda kombo katika majuma ya mwanzo ni ya kawaida, lakini yakiendelea kupita mwezi wa nne yanataka daktari. Nilifurahi chanjo ya surua na rubella ilipoingizwa nchini mwaka 2014, maana rubella impatayo mama mjamzito ni mojawapo ya sababu za watoto kuzaliwa na maradhi haya. Nilifurahi tena Desemba 2021, Serikali ilipozindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na wahudumu wa jamii wakaanza kuwaambia wazazi wazungumze na kucheza na watoto tangu siku ya kuzaliwa. Sasa mimi huona jambo jingine linalonitia wasiwasi: mtoto wa miezi miwili amewekewa simu mbele ya macho ili atulie. Simu ina rangi na mwendo zaidi kuliko kisutu na ukili pamoja, lakini haingoji, wala haitambui kwamba mtoto amegeuza uso, wala siku jicho litakapokosa kuifuata haitatikisa pazia kumwita mtu.

Mama mkwe alizikwa Mkuyuni, juu kidogo ya shamba la migomba. Kisutu ninacho sandukuni, kimekuwa chepesi kama karatasi.

Masika yaliyopita mwanangu, yule wa mwaka 1984, alituletea mjukuu wa siku kumi na tisa, na jamaa wakakusanyika. Binti yule wa shemeji naye alikuja, kwa basi, peke yake. Sasa ni mtu mzima, ana duka lake la viungo, na pilipili manga huzichagua kwa vidole na pua kwa namna ambayo mwenye macho mazima hamwezi. Alinisalimu, "Shikamoo, baba," akaketi mkekani, akaomba apewe mtoto. Mtoto alikuwa akilia, na mama yake alikuwa akisitasita. Yeye alimpokea, akamwinua kidogo na kuinamisha kichwa, akaenda akimkaribia, akimkaribia, mpaka pale ambapo hukiweka kitabu anapotaka kusoma, akanyamaza. Kilio kikapungua. Macho ya mtoto yalitangatanga, yakapita, yakarudi, yakasimama. Na yale ya shangazi yake, katika mtikisiko wao usiokoma, yakamngoja. Sikuhitaji kupima, lakini mkono wangu ulijinyoosha wenyewe juu ya goti.

"Ananiona, baba," alisema, bila kugeuka. "Nami namwona vizuri."